Siku yangu moja ya kusoma kuta za mashimo yaliyochimbwa chini ya bahari, hapa Kochi Japani

Saa 2 asubuhi: Baiskeli mpaka maabara, mvua kidogo. Bahari ya kusini mwa hapa ndiko bamba la Bahari ya Ufilipino (kipande kikubwa cha ganda la dunia) linapozama chini ya Japani, sentimita chache kwa mwaka, na 1944 na 1946 lilishusha matetemeko mawili ya ukubwa wa 8 hivi.

Saa 3: Nafungua data za mashimo ya Nankai, mfereji wa sakafu ya bahari pale bamba linapozama, yaliyochimbwa na meli ya Chikyu kuanzia 2007. Watu wakisikia picha ya shimo wanadhani ni kamera, wapi, kifaa kinazunguka pamoja na mabomba ya kuchimbia kikipima umeme unavyopita kwenye mwamba, halafu programu inaukunjua ukuta wote kama kitenge mezani. Ufa uliolala mshazari unatokea kama wimbi. Sehemu ya ukuta iliyomeguka imejaa maji ya chumvi, umeme unapita kirahisi, kwa hiyo unaona michirizi miwili myeusi ya wima inayotazamana, nyuzi 180.

Mpaka saa 6 ni kuweka alama tu, mita kwa mita, macho yanauma. Mchirizi ukiwa mmoja peke yake siuamini, huenda kifaa kiliegemea upande.

Udon (tambi za Kijapani), fasta.

Saa 8: Kikao na sensei (mwalimu wangu), hapa ndipo utamu ulipo. Ukuta humeguka pembe mraba na msukumo mkubwa, kwa hiyo michirizi inakuambia mwamba unabanwa kutoka wapi. Mashimo ya karibu na mfereji yanaonyesha kaskazini-magharibi kwa kusini-mashariki, sawa na bamba linavyosukuma, lakini kwenye shimo C0002, katika bonde la Kumano chini ya bahari, mwelekeo umegeuka karibu nyuzi 90! Yaani pale juu mwamba unavutika kuelekea baharini. Kuna wanaochukua mwelekeo huo wakaushusha moja kwa moja mpaka kwenye ufa mkubwa ambako miamba huteleza wakati wa matetemeko, kilomita kama 5 chini ya sakafu ya bahari, mimi sikubali, Chikyu yenyewe ilijaribu kufika huko ikaishia mita 3,262 na ushee, 2019.

Saa 11: Nasoma matokeo ya mfereji wa Japani, mwingine kaskazini-mashariki mwa nchi, shimo la 2012 kwenye maji ya karibu mita 6,900, mwaka mmoja tu baada ya tetemeko la Tohoku. Michirizi ilionyesha mbano umeachiliwa karibu wote. Aisee.

Saa 3 usiku: Mdogo wangu anapiga kutoka Morogoro, kwao saa 9 mchana. Namwambia huku mabamba yanasukumana ila Bonde la Ufa letu linavutwa, akasema basi kaka rudi ukachimbe Rukwa. Sawa, meli atalipia yeye.