Boti ya Pemba bila pasipoti: karatasi za kutoka nazo nyumbani

Sikukuu ikikaribia, swali ni moja pale nje ya geti la bandari ya Tanga: "Mimi sina pasipoti, nina kitambulisho tu. Nitavuka?" Kwenda Pemba au Unguja, utavuka. Mtanzania anayepanda chombo Tanga na kushuka Pemba hajatoka nchini, kwa hiyo pasipoti si lazima. Anatakiwa awe na kitambulisho halali chenye picha na tiketi yenye jina lile lile. Hilo "lile lile" ndilo linaloacha watu gatini wakiangalia meli inavyong'oa nanga.

Kitambulisho cha Taifa, yaani kadi ya NIDA, kinatosha peke yake. Kadi za mwanzo zina tarehe ya kuisha, na wenye nazo huingiwa na wasiwasi, lakini serikali ilishaondoa ukomo huo. Kadi bado ni yako. Leseni ya udereva nayo hupokelewa, ila hiyo inaisha kweli, kila baada ya miaka 5, na wengi hukumbuka wakiwa wameshafika mlangoni. Kadi ya mpiga kura ni msaada mkubwa kwa wazee ambao hawajapata kadi ya NIDA. Mzanzibari anayerudi kwao ana Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, basi yamekwisha.

Kuna kundi kubwa lenye namba ya NIDA bila kadi. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ukimtajia mkata tiketi umri mwingine, namba yenyewe inakuumbua. Aliyeisahau hupiga *152*00# akafuata menyu hadi sehemu ya NIDA. Tatizo ni kwamba namba haina sura. Kikaratasi chenye tarakimu 20 hakimwambii mtu wa mlangoni kwamba aliyesimama mbele yake ni wewe. Ichapishe, halafu uiambatanishe na kitu chenye picha: kadi ya kura, kitambulisho cha kazi au cha shule, au barua ya serikali ya mtaa.

Barua hiyo inastahili maneno zaidi, maana ndiyo inayoharibika kuliko karatasi zote. Anayeitoa ni mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, kijijini ni mtendaji wa kijiji, na ng'ambo kule Zanzibar ni sheha. Iwe na kichwa cha ofisi, tarehe, majina yako matatu, mtaa na kata unayoishi, unakokwenda, na namba ya simu ya aliyeisaini. Picha ndogo ya pasipoti ibandikwe juu pembeni kwa gundi. Iliyobanwa kwa pini ya stepla hudondokea mkobani, ukabaki na barua yenye matundu mawili. Halafu muhuri. Nusu ukae juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Ukipigwa chini tu, kwenye sahihi, picha ile inaweza kuwa ya mtu yeyote: ukiibandua ukaweka nyingine hakuna atakayejua, na mkaguzi analijua hilo. Uache pia ukauke. Karatasi ya picha inateleza, na muhuri uliopitiwa na kidole kabla ya wakati hubaki doa la buluu lisilosomeka.

Kama kitambulisho kimepotea, ongeza ripoti ya polisi ya kupotelewa. Siku hizi unaiomba kwenye mfumo wa polisi wa mtandaoni, unalipa kwa namba ya malipo, unaichapisha. Ripoti inaeleza kwa nini huna kadi, lakini haithibitishi wewe ni nani, kwa hiyo barua ya mtaa bado inahitajika. Anza siku mbili tatu kabla. Tanga tunasema waja leo, waondoka leo; anayeanza kumtafuta mwenyekiti asubuhi ya safari, leo hiyo haondoki.

Sasa majina. Pwani yetu ina majina yale yale kwa tahajia mbili. Pemba wanaandika Khamis, Othman, Saleh, Abdalla. Ukija bara yanageuka Hamisi, Athumani, Salehe, Abdallah, kutegemea sikio la aliyekuwa akiandika siku hiyo. Mtu mmoja anaweza kuwa Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa na Hamisi kwenye kadi ya NIDA. Kwa tiketi, kanuni ni rahisi: jina liandikwe kama lilivyo kwenye kile kitambulisho utakachokishika mkononi mlangoni. Usiandikishe unavyojiita, wala unavyoona ndiyo sahihi. Herufi moja ikipishana, mara nyingi utaulizwa maswali mawili matatu na kupita. Jina zima likiwa jingine, hupiti.

Na jina zima huwa jingine kwa njia za kawaida kabisa. Mjukuu anamkatia bibi tiketi kwa simu na kumwandikisha Bi Mkubwa, au Mama Zuwena. Wakala anachukua jina la kwanza na la mwisho, anaruka la baba. Mke anaandikishwa kwa jina la mume ilhali kadi yake ina jina la babake, kama ilivyo desturi kwetu. Dawa ni moja: unapomtuma mtu akukatie, usimtajie jina, mtumie picha ya kitambulisho. Ukikata mwenyewe, isome tiketi kabla hujaondoka dirishani: majina matatu, tarehe, na bandari ya kushukia, maana Mkoani na Wete ziko ncha mbili za Pemba, na aliyekosea atalipa daladala za kutosha. Kosa lililoonekana dirishani hurekebishwa papo hapo. Lililoonekana siku ya safari, foleni imefika barabarani, linakuwa shughuli nyingine.

Tiketi ya mtu mwingine usiinunue, hata akikuuzia nusu bei. Ina jina lake, si lako.

Ukiona tofauti ya majina imekuwa ya kudumu, cheti kinasema hivi na kadi inasema vile, nenda kwa wakili ukaape kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hati hiyo ya kiapo itakusaidia kwenye benki na Uhamiaji kuliko hata kwenye boti.

Watoto husahauliwa kwa sababu wanabebwa. Mtoto naye ni abiria, ana jina kwenye orodha, na umri wake ndio unaoamua nauli. Beba cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki ni ya chanjo na uzito. Watu huja nayo, na pengine ikasaidia kuonyesha umri, lakini si cheti. Kama mtoto anasafiri na shangazi au mjomba, mzazi aandike barua fupi ya ridhaa yenye namba yake ya simu, aambatanishe kopi ya kitambulisho chake. Simu hiyo iwe hewani siku ya safari. Barua nzuri yenye simu iliyozimwa huzaa maswali zaidi ya kukosa barua.

Wapo wanaoona ukaguzi huu ni usumbufu tu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. Hesabu ya waliokuwamo ilibishaniwa kwa muda mrefu, kwa sababu orodha ya abiria haikulingana na watu waliopanda. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Jina lako lisipokuwa kwenye orodha, watu wako watahangaika hospitali hadi hospitali bila karatasi inayosema ulipanda.

Ndiyo maana njia ya bandari bubu, ile ya kudandia jahazi la mizigo kwenye ufuko usio bandari rasmi, si njia ya mkato. Jahazi la mizigo halina orodha ya abiria. Likikutana na doria, wewe ndiye utakayeeleza ni nani na umetoka wapi, na kitambulisho chako kizuri hakitaeleza kwa nini uko juu ya magunia.

Kwa safari fupi za kutembea, kama kisiwa cha Maziwe kule Pangani, kitambulisho kina faida nyingine. Ni hifadhi ya bahari, na kiingilio cha raia na cha mgeni si kimoja. Ukiacha kadi nyumbani unaweza kulipishwa kama mtalii, na lafudhi ya Kidigo haihesabiki kuwa ushahidi.

Ukielekea kaskazini mambo yanageuka. Vanga na Shimoni ziko karibu kuliko Unguja, wengine wana ndugu huko, lakini ni Kenya. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haimo kwenye mpango huo, kwa hiyo kadi ya NIDA haikuvushi, uende kwa mashua au kwa basi la kupitia mpaka wa Horohoro. Asiye na pasipoti aombe Hati ya Dharura ya Safari kwa Idara ya Uhamiaji: fomu inajazwa kwenye tovuti yao, unalipia, unaichapisha na kuipeleka ofisini pamoja na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na picha. Hapa Khamis na Hamisi huanza kuumana kweli, maana ofisa analinganisha cheti na kadi herufi kwa herufi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwemo mkobani.

Na ile habari inayozunguka kwenye simu, kwamba kuna meli za anasa zinazopandwa bila pasipoti? Ni kweli, ila si yetu. Ni kanuni ya Marekani kwa raia wa Marekani, iliyoanza tarehe 1 Juni 2009: meli ikiondoka bandari ya Marekani na kurudi bandari ile ile, raia anaweza kupanda kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali chenye picha, na mtoto wa chini ya miaka 16 kwa cheti peke yake. Huko nako kuna kadi yao ya kliniki: cheti cha kumbukumbu kinachotolewa na hospitali, chenye alama ya nyayo za mtoto, hakikubaliki. Baadhi ya visiwa vya Karibiani hudai pasipoti hata hivyo, na abiria aliyeachwa na meli ugenini hapandi ndege kurudi kwao kwa cheti cha kuzaliwa.

Mtanzania anayetaka safari ya namna hiyo anahitaji pasipoti na viza, tangu siku ya kwanza. Kijana wa Tanga anayeitwa kufanya kazi kwenye meli hizo asidanganywe kwamba kitabu cha baharia kinachukua nafasi ya pasipoti. Vyote viwili vinahitajika, majina yakiwa yale yale, na aanze na pasipoti kwa sababu jina lililomo humo ndilo litakalonakiliwa kwenye mkataba, kwenye viza na kwenye tiketi ya ndege.