Ghorofa saba juu ya uani kwetu

Kile kibao kiliwekwa kwenye ukuta wa ile ploti iliyokaa ukiwa tangu mie niko madrasa, na wallahi siku tano nzima tulikuwa twakipita tukidhani ni tangazo la mnada. Aliyekisoma ni kijana wa mkokoteni wa maji, alipotuletea mitungi akamuuliza mamangu, "Mama, kwani mwajua hapo jirani patajengwa ghorofa saba?" Kumbe ni notisi ya kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka nyumba ya familia moja kwenda flati za bei nafuu, mwenye pingamizi apeleke kaunti ndani ya siku 14. Na tano zishakwenda.

Basi hapo Majengo, Mombasa, ikawa hakulaliki. Barazani kwa kahawa habari za mpira zikafa, ikawa ni ghorofa tu asubuhi na jioni, huyu asema ni maendeleo, yule asema jua la kuanikia nguo litaisha, na vijana wa maskani wao wataka kujua tu kama kutakuwa na kibarua cha kubeba mawe.

Mamangu hoja yake ilikuwa moja: uani. Mtu wa bara hawezi kuelewa hii mpaka aishi kwenye nyumba ya Kiswahili. Mbele baraza, kati ukumbi, vyumba vitatu huku vitatu huku, halafu nyuma ndio uani, na uani ndio nyumba yenyewe. Hapo ndipo papikwapo, pafuliwapo, ndipo mama ajifunga kanga moja asukwe nywele bila ya wasiwasi. Sasa weka roshani za ghorofa saba zinazoangalia pale chini. "Yaani mie nikaange samaki uani kwangu na buibui?" Nikacheka, lakini sikuwa na jibu.

Kikao cha kutoa maoni kikaitwa Jumanne saa nne asubuhi, na mie hapo ndipo nilipoanza kuona mambo hayako sawa. Saa nne asubuhi ya Jumanne ni nani yuko mtaani? Wastaafu na wenye nyumba. Wapangaji wako bandarini, wako Kongowea sokoni, wako kwenye tuktuk. Yaani wale ambao nyumba za bei nafuu zasemwa ni zao hakuwepo hata mmoja, na aliyepiga kelele kuliko wote ni bwana mmoja mwenye vyumba kumi na kitu vya kukodisha, eti aogopa "utamaduni wetu utapotea". Haya.

Maswali ya maana yalikuwepo lakini. Mzee mmoja akauliza vyoo vitamwagikia wapi, maana mtaa mzima twategemea mashimo na gari la kunyonya ndio hilo laja kila mara. Wakamjibu watajenga tangi kubwa. Na maji? Watachimba kisima. Mzee akawaambia, "Kisima cha hapa ni chumvi mwanangu, hata chai hakipiki", watu wakaangua kicheko na swali likafia hapo hapo.

Usiku mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, anayeuza viazi karai, akaniuliza wametaja kodi itakuwa ngapi. Nikanyamaza. Masaa mawili tumehesabu ghorofa na hakuna aliyeuliza bei! Sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024 yasema nyumba za kijamii ni za mwenye kipato chini ya elfu 20 kwa mwezi, na mie kila mwezi nakatwa 1.5% ya mshahara kwa ajili hiyo hiyo, lakini hii ni ploti ya mtu binafsi, kibao kimeandika "bei nafuu" na hakikusema nafuu kwa nani. Nyumba za zamani za mtaa wa Buxton, hapa hapa Mombasa, zilivunjwa 2021 kupisha flati mpya, basi kila mtu hapa ana jamaa aliyekuwa akiishi huko wa kumsimulia. Kwa hivyo mie sizikatai flati, watu wafinyane chumba kimoja mpaka lini? Nataka bei iandikwe.

Halafu kuna jingine ambalo mamangu alilisema wakati tunafunga mlango, polepole, kama hataki kulisikia mwenyewe: "Na mwenye ardhi yetu naye akiona?"

Kwetu ni nyumba bila ardhi. Kuta ni zetu, bati ni letu, chini si petu. Kodi ya kiwanja yalipwa tangu enzi za babu na risiti zote ziko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Ploti ya jirani ikishapewa ghorofa saba, warithi wa mwenye ardhi yetu hawatashindwa kupiga hesabu.

Nikaandika barua ya pingamizi usiku huo. Nikaanza na bei, nikaweka maji na vyoo, nikaweka habari ya wenye nyumba bila ardhi. Mamangu akavaa miwani akasoma yote, akanirudishia.

"Anza na uani."

Nikaandika upya. Siku ya 13 tukapeleka wote wawili, ikapigwa muhuri, na kopi yetu iko kwenye lile kopo, juu ya risiti za babu.