Kabla hujachimba shimo la bango

Makosa mengi ya mabango huanzia kwa mchapaji. Mtu anaagiza ubao wa mita 3 kwa 2, anaulipia, unaletwa, halafu ndipo anauliza ausimamishe wapi. Anza na mahali, kisha vipimo, kisha kibali. Chapa iwe ya mwisho.

Ukingo wa lami si mpaka wa kiwanja chako. Katikati kuna hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa umma wa kupitishia mabomba, nyaya, mitaro na waenda kwa miguu. Kuufyeka na kuupanda maua miaka kumi hakuufanyi kuwa wako. Chukua ramani ya kiwanja, tafuta mawe ya mpaka, funga kamba kutoka jiwe hadi jiwe. Kisha pima kuelekea ndani umbali unaotajwa na sheria ndogo za eneo lako. Hapa ndipo wengi hunaswa, maana kwa kawaida umbali huo huhesabiwa kutoka ncha ya ubao iliyo karibu na barabara, wala si kutoka kwenye nguzo. Nguzo iko ndani vizuri, ubao umechungulia nje nusu mita, na mkaguzi anaandika barua.

Kiwanja cha kona kina sharti lake: pembetatu ya kuonea. Kutoka pale mipaka miwili inapokutana, unapima umbali uliowekwa kwa kila upande, unaunganisha ncha hizo mbili, na eneo lililofungwa hapo linaachwa wazi. Kwa kawaida kinachokatazwa ni kitu chochote kati ya usawa wa goti na juu ya kichwa cha mtu mrefu. Macho ya dereva wa gari dogo yapo juu ya ardhi kwa mita 1 na kidogo tu, kwa hiyo kile kibao kifupi ambacho mwenyewe anakiona hakina madhara ndicho kinachomficha mtoto au pikipiki. Bango refu lenye nguzo moja nyembamba lina nafuu kuliko hicho.

Kuhusu ukubwa, uliza jinsi ya kupima kabla hujauliza kiwango. Ubao hupimwa wote, pamoja na fremu. Herufi zilizobandikwa moja moja ukutani mara nyingi hupimwa kwa mstatili mdogo kabisa unaozizunguka zote, na neno moja lenye mkia mrefu linaweza kukuongezea eneo bure. Bango la pande mbili zilizopeana mgongo sehemu nyingi huhesabiwa upande mmoja; likifunguka kama kitabu, huenda zikahesabiwa zote mbili.

Mali ya umma ni habari fupi: usibandike bila idhini ya maandishi. Nguzo za umeme si za halmashauri pekee, zina shirika lake, na misumari iliyobaki humtoboa fundi glavu anapopanda. Mti uliopigiliwa msumari hupata jeraha linaloweza kuingiza maradhi. Alama za barabarani usiziguse kabisa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani unakataza hata ubao ulio pembeni iwapo unaweza kudhaniwa kuwa alama, kuifunika, au kumpumbaza dereva. Kwa hiyo mshale mweupe kwenye duara la buluu, hata ukiwa ndani ya uzio wako, ni kujitafutia kesi.

Na mali binafsi haimaanishi huru. Mpangaji anahitaji barua ya mwenye nyumba kabla ya kibali. Jengo la kihistoria huwa na masharti ya rangi na hata ya namna ya kutoboa ukuta. Hapo toboa kwenye maungio kati ya mawe, usitoboe jiwe lenyewe. Vibao vidogo vya jina, namba ya nyumba au "inauzwa" mara nyingi husamehewa kibali, lakini havisamehewi pembetatu ya kuonea.

Faili la maombi kwa kawaida hubeba ramani yenye alama ya mahali, mchoro wa bango na vipimo vyake, picha ya eneo, uthibitisho wa umiliki au idhini, na kwa bango kubwa, hesabu za mhandisi. Maombi mengi hurudishwa kwa sababu ya mchoro usioonyesha umbali hadi mpaka na kimo kutoka ardhini. Andika namba hizo mbili kwa kalamu nene.

Hesabu za mhandisi si urasimu. Upepo wa kilomita 108 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 56, kabla hata ya kuongeza athari ya umbo. Ubao wa mita 3 kwa 2 unabeba zaidi ya kilo 330, zikivuta kwa wenzo wa nguzo nzima. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Nguzo mara nyingi haivunjiki. Hung'oka na zege lake, kwa sababu shimo lilikuwa fupi au udongo uliorudishwa haukushindiliwa. Kuchana vitundu kwenye turubai kunasaidia kidogo mno na kunaanzisha mipasuko; tumia kitambaa cha wavu.

Bango la muda lina siku zake. Andika nyuma yake tarehe ya kuliondoa, kwa sababu faini nyingi hutokana na tangazo la tukio lililokwisha. La kudumu likiondolewa, kata nguzo chini ya usawa wa ardhi, funika kwa udongo, na kama lilikuwa na taa, fundi umeme akate waya kwenye chanzo chake. Kuufunga utepe na kuuacha ardhini hakutoshi.