Nilivyoimudu chumvi kwenye meli inayojipakua yenyewe

Kilindini, meli ya klinka, malighafi ya saruji, ikifunga gati ilikuwa shughuli ya siku kadhaa: kreni, greba, malori foleni, vumbi mpaka kwenye kope. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye meli za Maziwa Makuu, huku Kanada, nilijiona najua kupakua. Safari ya kwanza tukafunga kwenye gati lisilo na kreni wala kuli, dereva mmoja tu wa tingatinga. Meli ikainua mkono wake wa chuma, mrefu kama mita 75, ikaugeuza ubavuni na kuanza kumwaga mzigo uwanjani. Wenzangu hata hawakushangaa. Meli iitwayo Wyandotte iliundwa kwa mtindo huu wa kujipakua tangu 1908.

Mimi nilipelekwa chini, kwenye mageti. Sakafu ya ngama, chumba cha mzigo, imeinama kama faneli, chini yake yamepangwa mageti, na chini ya mageti unapita mkanda, ndani ya handaki, kuelekea shetri, yaani nyuma ya meli. Huko mzigo unabanwa kati ya mikanda miwili, unapandishwa juu ya sitaha na kuangukia mkanda wa ule mkono.

Mawe ya chokaa hayana taabu, ukifungua yanashuka. Chumvi ndiyo jeuri. Tunaipakia Goderich, Ontario, inakotoka kwenye mgodi ulio zaidi ya mita 500 chini ya Ziwa Huron. Ni ya kuyeyushia barafu barabarani, usije ukaitia kwenye mboga. Ikipata unyevu inashikana na kuning'inia juu ya geti: unafungua, haidondoki hata punje. Mwenye pupa huachia geti lote. Ikikatika inashuka kwa kishindo, inaufukia mkanda, na kinachofuata ni sepetu.

Nilichojifunza ni kufungua kidogo kwanza, ndipo niwashe mashine ya kutikisa, tena kwa muda mfupi. Ukitikisa geti likiwa limefungwa unaishindilia zaidi. Mkono mmoja nauweka kwenye ukuta wa ngama. Chumvi ikianza kusogea juu, bati linatetema kiganjani kabla hujaona kitu, na hapo narudisha geti nyuma ili mkanda ubebe kwa kiasi. Makelele ya kule chini, na vikinga masikio tulivyovaa, sikio halisaidii kitu.

Kuna na redio. Afisa aliye sitahani anaangalia meli imezama kiasi gani omo (mbele) na shetri, anaingiza maji kwenye matangi kadiri mzigo unavyotoka, na ndiye anayesema tuhamie ngama ipi. Akisema acha, unaacha, hata kama chumvi ndiyo kwanza imekubali kushuka. Ukiikamua ngama moja peke yake unaipinda meli.

Meli zetu, za kupita Mfereji wa Welland, hubeba karibu tani 30,000, na chumvi ikiwa kavu zinaisha kwa saa chache. Wenye meli wanafurahi. Sisi tunaosha handaki, tunalaza mkono, tunaondoka. Shemeji yangu huniuliza Milwaukee, mji wa Marekani tunakoshusha chumvi, ikoje. Nina picha ya rundo la chumvi.