Nilivyoandaa mbio za kusaka makopo Mikindani

"Ndani kuna nini?" Hilo ndilo swali nililoulizwa na kila mtu niliyemgusia habari ya kuficha makopo Mikindani, mji mdogo wa pwani karibu na Mtwara, ili watu washindane kuyatafuta kwa simu. Aliniuliza mwenyekiti wa mtaa, akaniuliza na mama anayeuza ming'oko.

Ndani kuna karatasi yenye herufi, basi. Mchezo wenyewe unaitwa jiokashingi, na ulianzia Marekani Mei 2000. Kabla ya hapo serikali yao ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita mia hivi. Walipoacha kuvuruga, bwana mmoja, Dave Ulmer, hakukawia: alificha ndoo porini huko Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo, na waliotaka wakaifuata. Kwa kawaida mchezo huu hauna pupa. Unalisaka kopo, unaandika jina lako kwenye kidaftari, unalirudisha ulipolikuta. Lakini vijana wenzangu walitaka ushindani, na ushindani ukipangwa ovyo unageuka mbio za nyika, ambazo washindi wake tunawajua hata kabla ya kipenga. Mimi nilitaka mtu asiye na mbio naye awe na cha kushindania.

Nilichagua Mikindani badala ya Mtwara mjini kwa kuwa inazungukika kwa miguu. Kuna vichochoro, nyumba kongwe za mawe ya matumbawe, Boma la Wajerumani la mwaka 1895 pale mlimani, na ufuko hapo hapo. Mpelelezi David Livingstone naye alianzia hapa safari yake ya mwisho ya kwenda bara mwaka 1866, kwa hiyo mafumbo ya historia hayakunisumbua kuyatunga. Kilichonitia wasiwasi ni barabara kuu iendayo Lindi. Nikaweka sharti kwamba inavukwa sehemu moja tu, penye mtu wetu mwenye kibendera, na anayeonekana amepanda bodaboda timu yake imetoka.

Kazi kubwa ilikuwa kwa wenyeji. Kusini huku habari za mali ya Mjerumani hazifi. Kila penye mbuyu mkubwa au ukuta wa zamani kuna mtu anayeamini kuwa chini yake kuna rupia. Nilikuwa napima eneo chini ya mbuyu mmoja, mzee akanijia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapima nini?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukiacha kitu hapa, keshokutwa utakuta shimo."

Mbuyu ule nikaufuta kwenye orodha. Nikafuta pia kila sehemu iliyo karibu na makaburi, misikiti na mahali pa matambiko. Nikapiga marufuku kuchimba: kopo lazima lipatikane kwa macho na mikono mitupu. Makopo yenyewe yalikuwa ya plastiki angavu, ili mpita njia aone karatasi iliyomo, na kila moja niliandika kwa wino mzito kuwa ni mchezo na siku utakapoisha. Barua ilipita kwa mtendaji wa kata na polisi wakapata nakala. Mkoa wenye bandari na mitambo ya gesi si mahali pa kuachia vifurushi visivyojulikana kisha ukasema ulikuwa unacheza.

Watoto nao walikuwa mtihani. Watoto wa Mikindani wanaona kila kitu, na kwa shilingi mia mbili wangeonyesha kopo lolote. Nikaona niwaajiri. Kila kopo likapata waamuzi wawili wadogo, wanaokaa kwa mbali na kalamu na daftari, wakiandika namba ya timu na saa iliyofika. Mtoto akishapewa daftari la uamuzi humnunui tena. Mmoja aliwanyima maji timu ya kaka yake mwenyewe, akidai ni msaada usioruhusiwa.

Kwenye kupima, simu ya kawaida penye uwazi hukosea kama mita tano. Ukiwa ubavuni mwa ukuta mnene au chini ya matawi mazito, inarukaruka. Kwa hiyo kila sehemu niliipima asubuhi na jioni, siku tofauti, nikachukua wastani. Palipozidi kurukaruka niliongeza dokezo la maneno: "Tazama usawa wa goti, upande usiopigwa na kusi." Niliandika namba kwa desimali tano, maana ya tano ni kama mita moja tu, na zaidi ya hapo ni mapambo. Alama ya kutoa kwenye latitudo, yaani namba ya kaskazini na kusini, niliikoleza rangi nyekundu. Sisi tuko kusini ya ikweta, nyuzi kumi na kidogo; ukiisahau ile alama, simu inakuelekeza Ethiopia. Timu moja ilisahau hata hivyo, wakasimama wakibishana kwa nini kopo liko kilomita elfu mbili na zaidi.

Ili timu zisifuatane mkia, kila moja ilipewa mpangilio wake kwa makopo matano ya kwanza. Baada ya hapo ruksa kwenda popote. Makopo ya karibu yalikuwa na alama kumi, yenye mafumbo thelathini. Muda ni saa mbili asubuhi hadi saa tano, na kila dakika ya kuchelewa inakata alama tano. Hapo ndipo wakimbiaji wanaponaswa, kwa kuwa tamaa ya kopo moja zaidi ni kali.

Kopo la alama sitini nililifunga kwenye mwamba ufukoni. Siku niliichagua kwa mwezi: ilikuwa bamvua, na pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Atakayekwenda mapema anakuta bahari, na anayeingia maji yaliyopita goti anapoteza alama. Mvuvi mmoja alikaa pale na mtumbwi wake kwa usalama.

Timu ya vijana wa mazoezi, wenye saa za GPS mkononi, ilifika ufukoni saa mbili na robo, ikatazama maji, ikaondoka, ikarudi, ikaondoka tena. Timu iliyoshinda ilikuwa na dada mmoja aliyekua akiokota kombe ufuko uleule. Aliangalia orodha, akawaambia wenzake, "Hilo la pwani tuliache mpaka wanawake washuke." Wakamaliza ya vichochoroni kwa kutembea, wakashuka pamoja na akina mama wa pweza, wakalichukua bila kulowa viatu. Walirudi zikiwa zimebaki dakika nane.

Wale wa mazoezi walipata makopo mengi kuliko wote, ila walichelewa dakika kumi na nne. Alama sabini zikaenda. Walibisha kwamba saa yangu iko mbele, nikawaonyesha daftari la waamuzi wa kopo lao la mwisho: mtoto alikuwa ameandika "saa tano na dakika sita, wanakimbia". Wakacheka, wakaomba siku ya marudiano. Zawadi ilikuwa korosho zilizobanguliwa. Jioni tulizunguka na orodha tukikusanya makopo yote, waamuzi wakitutangulia na kutuelekeza hata tulikokuwa tunakujua.