Siku moja chekechea: Mariamu kagoma kumlaza mtoto horini

Saa 11 alfajiri niko macho, mikono bado inanuka gundi maana jana nilikesha nakata maboksi. Ni wiki ya mwisho kabla hatujafunga shule na kwetu hii ndo wiki ya hadithi ya Krismasi. Nafundisha chekechea ya kanisa huku Nkuhungu, Dodoma, watoto 26, wa miaka mitatu mpaka mitano.

Saa 12 na nusu nimepanda bajaji na boksi kubwa, kiroba cha majani makavu, ndoo ya udongo wa mfinyanzi, doli na kanga tatu. Dereva kaniuliza mwalimu unahama? Nikamwambia naenda Bethlehemu, kacheka mpaka tunafika.

Saa 2. Shikamoo zao, marahaba zangu, tukaimba kidogo alafu moja kwa moja kwenye mchezo, maana hawa ukianza na maelezo umewapoteza. Nilianza na sensa. Luka sura ya 2 inasema Kaisari Augusto alitaka watu waandikwe, kila mtu akaenda kwenye mji wa kwao, ndo maana Yusufu na Mariamu wakatoka Nazareti. Sisi mwaka 2022 karani alitufuata wenyewe majumbani na kishikwambi, kwa hiyo na mimi nikampa mtoto mmoja kipande cha boksi akawa karani, wengine wakazunguka darasa wakabeba mabegi yao kama wasafiri. Karani alihesabu hadi kumi, akaruka kumi na tano, akasema imetosha.

Saa 3 udongo. Hapa sikuwa na kazi kabisa, hawa ni watoto wa Ugogoni, ng'ombe wa udongo wanafinyanga toka hawajajua kuongea vizuri. Shida ni moja, nilitaka kondoo wa wale wachungaji wa usiku, nikaletewa ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe, wengine na nundu kabisa, na punda mmoja mwenye madumu ya maji. Punda hata Luka hajamtaja ila yule tulimbakiza, kakaa vizuri mno.

Saa 4 uji. Umemwagika wa watu wawili, basi.

Saa 4 na nusu ndo igizo lenyewe. Kwanza neno hori liligoma, ng'ombe wa huku wanachungwa porini hamna anayewaletea chakula kwenye chombo, mmoja akauliza ni kama ile ya kuku? Nikaona isiwe tabu, nikaweka boksi chini, nikajaza majani, nikawaambia ng'ombe anakula humu, wakainama wote wakala kama ng'ombe, yani wameelewa kuliko ningeongea nusu saa. Sasa Mariamu wetu, ana miaka minne, kapewa doli amlaze. Kaangalia majani, kaangalia boksi, kachukua kanga kamfunga mtoto mgongoni. Nikambembeleza, mwanangu mlaze basi, akasema, "Ticha, yatamwasha." Nilitaka kumrekebisha kwa sababu maandiko yanasema hori, alafu nikamwona ameshaanza kumtingisha mtoto na kumwimbia, Yusufu naye kakaa pembeni anafukuza nzi. Nikanyamaza. Watoto wenzake ndo wakaamua, boksi likabaki la ng'ombe na mtoto akabaki mgongoni.

Saa 5 mamajusi. Kila mtu anataka taji la karatasi, nikaishia na mamajusi tisa, na anayelalamika afungue Mathayo sura ya 2, zimetajwa zawadi tatu, idadi ya watu haikutajwa. Dhahabu ilikuwa karatasi za pipi, na kwa uvumba nikawapitishia punje za ubani wanuse bila kuchoma, mmoja akasema hii ya kwa bibi, mwingine kapiga chafya mpaka taji likadondoka.

Saa 6 na nusu wazazi wanachukua watoto. Jua la Dodoma la mwezi huu mnalijua, vumbi nalo usiseme, tunasukumana tu getini.

Saa 9 nafagia majani, na nahesabu vifaa, kanga naona mbili na doli silioni. Natafuta kabatini, chooni, chini ya mkeka, hamna.

Saa 12 jioni WhatsApp inalia, ni mama yake Mariamu katuma picha, binti yuko jikoni anachambua mchicha na doli liko mgongoni. "Ticha, huyu mtoto wa nani amekuja naye, kakataa kumshusha hata kuoga?"

Nikamjibu ni Yesu huyo mama, kesho mrudishe na kanga yangu.