Nyaya tisa

Jana usiku mtoto wa kaka kanitumia ujumbe wa sauti kutoka Ohio. Anasomea ufundi umeme huko na mtihani umekaribia. "Ami, shikamoo. Kiboksi cha taa ya nje kina inchi 18 za ujazo. Zinaingia kebo tatu za unene wa geji 14, kila moja na ethi yake, ule waya wa ardhini. Mbona ethi tatu zinahesabiwa waya mmoja?"

Nikamjibu ninavyojua. Kwa kanuni za Marekani, kila waya wa geji 14 unaoingia ndani hutengewa inchi 2 za ujazo. Za moto, zinazoleta umeme, na nyutro, zinazourudisha, ziko sita, mbili kila kebo, hizo 12. Ethi zote kwa pamoja, zikiwa hazizidi nne, hutengewa nafasi ya waya mmoja, 2. Vibanio vya ndani vinavyoshika kebo, 2 nyengine. Jumla 16, kiboksi kinatosha. Siku za kawaida ethi haipitishi umeme, kwa hiyo haina joto la kuwapa wenzake. Konekta, vile vifungo vya kuunganishia nyaya, hazihesabiwi, wala kipande cha waya kinachoanza na kuishia humo humo ndani.

Akashukuru, akarudi darasani. Mimi usingizi ulikwisha.

Kebo tatu, kila moja na ethi yake: nyaya tisa. Ndizo zilizokuwa mkononi mwangu Wete, Pemba, Ramadhani ya 2010.

Ule ndio mwaka umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba, tukaachana na kutegemea majenereta ya Wesha. Kila mtu alitaka taa. Mjomba alikuwa na kazi nyumba tatu kwa siku na mimi ndiye niliyembebea mkoba. Kwa bibi tulipanga taa moja ya chuma mlangoni, ya kumulika baraza, na waya uendelee mpaka taa ya uani. Kwa hiyo pale mlangoni ilikutana kebo ya kutoka meni (swichi kuu ya umeme), ya kwenda uani na ya kushuka kwenye swichi ndani. Nyumba ni ya mawe na chokaa, ya zamani, na sehemu ya juu ya ukuta ilikuwa imelika inamwagika unga. Taa tukaiweka chini, usawa wa bega.

Mjomba aliniambia wazi: "Tafuta kiboksi kirefu. Ukikosa, niite." Dukani vilikuwepo vifupi tu, vya mviringo, kina milimita 25. Nikachukua kimoja. Sikumwita. Alikuwa nyumba ya pili na mimi nilitaka taa iwake kabla ya adhana ya magharibi, bibi afuturu kwenye mwanga wa taa niliyoifunga kwa mikono yangu.

Nyaya nilizimenya vizuri na kila konekta niliikaza. Tatizo lilianza pale pa kuzirudisha ndani. Waya wa shaba nzima una ukaidi wake, ukiukunja leo unakumbuka ulivyokuwa jana. Nikizilaza za bluu, zinanyanyuka za kahawia. Nikizikandamiza za kahawia, konekta inachomoza ubavuni. Jasho linanitiririka, kooni nimekauka, huku majamvi ya karafuu ya jirani yananukia mpaka kichwa kinauma. Nikageuza bisibisi, nikazisukuma kwa mpini wake. Kisha nikaweka kitako cha taa juu yake, nikakiegemea kwa kiganja chote, nikaanza kukaza skrubu mbili za kukishika. Ya kwanza ikaenda. Ya pili ilipofika katikati ikawa nzito. Nikaongeza nguvu. Pale ndani kitu kikalegea kidogo, kama nyama ya muwa inapokubali jino, na skrubu ikawa nyepesi tena mpaka mwisho.

Nilikisikia. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kwamba mkono wangu ulisikia na mimi nikaendelea.

Taa ikawaka. Watu wakafuturu barazani, bibi akaniombea dua mbele ya wageni.

Usiku wa tatu ikapita mvua ya manyunyu. Alfajiri bibi alitoka kutia udhu akarudi mlangoni mikono yote inachuruzika. Mtalawanda wake, viatu vya mti, ulikuwa pale kizingitini. Mguu mmoja akaupandisha juu ya mti, mwengine bado uko chini kwenye sakafu iliyorowa, akataka kitu cha kujishikiza. Akaishika taa.

Sikumuona aliposhika. Nilisikia mtalawanda ukigonga ukuta, nikatoka, nikamkuta amekaa chini, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani kama mtoto. "Usiiguse," aliniambia. "Mwanangu, usiiguse hiyo." Angekuwa miguu yote miwili imo juu ya mti, pengine asingehisi kitu.

Mjomba alikuja kabla jua halijatoka. Akazima meni, akajaribu kwa testa, akafungua. Skrubu ziliposhuka nyaya zilijitupa nje zote kwa pamoja. Akazishika moja moja, akaniwekea kiganjani. Ya kahawia ilikuwa na chale iliyokata ganda mpaka shaba inang'aa, pale skrubu ilipoibana kwenye chuma cha taa. Ethi ya taa, ambayo ingeangusha breka na kukata umeme mara ile ile, ilikuwa imechomoka kwenye konekta nilipokuwa nasukuma. Makosa mawili, yote yametoka kwenye ufinyu ule.

"Ngapi?" akauliza.

"Tisa, mjomba."

Hakusema neno jengine. Alichukua patasi na nyundo akachimba ukuta saa nzima, akitoa jiwe vipande vidogo vidogo ili chokaa isiporomoke, na adhuhuri alituma mtu Chake Chake akaleta kiboksi kirefu.

Jana, baada ya kuzungumza na yule kijana, nilitoka kitandani nikapiga hesabu. Kile kiboksi changu, kipenyo milimita 65, kina 25, kilikuwa na ujazo wa sentimita 83 hivi. Nyaya zetu zilikuwa za milimita za mraba 1.5, nyembamba kidogo kuliko geji 14. Lakini hata ukizihesabu kwa kipimo cha chini yake, geji 16, nyaya sita na ethi zinataka sentimita 200. Nilitia mzigo zaidi ya mara mbili.

Najiuliza kama nambari ile ingenizuia. Mjomba alikuwa ameshaniambia. Mkono ulikuwa umeshaniambia. Labda nambari ina kitu ambacho mkono hauna, haijali kwamba adhana imekaribia. Labda. Kijana nimemueleza hesabu yote, ya bibi yake mkuu sijamueleza.

Mkono wa bibi ulikufa ganzi wiki nyingi, kisha ukarudi. Aliishi miaka sita baada ya hapo na taa haikumsumbua tena. Swichi yenyewe iko ndani, ya plastiki, kavu. Lakini kila magharibi, mpaka anafariki, aliibonyeza kwa ncha ya kanga.